Mkono Ulioghairi

Bi Nasra alinitumia ile fomu ya ajali mara tatu katika siku mbili, na mara zote tatu niliifunga bila kuijaza. Ya nne hakutuma. Alipiga mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa nimekaa kwenye usukani, na uso wake ukajaa kioo chote cha mbele, ambacho ndicho skrini yetu.

"Skolastika, mdogo wangu, ni kidole tu," alisema. "Unagusa hapo penye 'Nilikusudia', unaomba radhi, mnarudishwa nyuma nafasi kumi, mambo yameisha. Jumamosi ya wiki ijayo mnakimbia mbio za Saa Kumi na Mbili kama wenzenu."

"Na nisipogusa hapo?"

"Kuna kisanduku cha pili. 'Sikukusudia, mwili uliniponyoka.' Ukigusa hicho unarudi kupimwa upya neva na misuli. Ni mwezi mzima. Mashindano yatakuwa yamepita."

"Cha tatu?"

"Hakuna cha tatu."

"Basi fomu yenu mbovu, dada. Mwili haukuniponyoka hata kidogo, na sikukusudia. Nilitaka, halafu nikaghairi. Wekeni kisanduku cha hivyo, nitagusa sasa hivi."

Bi Nasra ni mkaguzi wa Ligi ya Duara, mtu wa haki kwa jinsi nilivyomjua, lakini ni mtu wa visanduku. "Rekodi ya Mtabiri inaonyesha amri ilitoka kwenye mkono wako," alisema. "Rekodi haina kughairi."

"Ndicho ninachosema na mimi. Rekodi haina. Mtu anako."

Nikakata. Kumkatia mkaguzi simu siku tisa kabla ya mashindano si akili, najua. Lakini nilikuwa na hasira, na hasira yangu haijafundwa.

Kiti chetu cha mashindano kimefungwa ndani ya kabini ya lori bovu, nyuma ya nyumba ya mjomba wangu Osmundi, hapa Makambako, hatua hamsini kutoka barabara kuu. Malori yanapita hapo kutwa kucha kuelekea Tunduma, yote hayana mtu ndani. Mjomba alikuwa utingo kwa miaka ishirini na sita kabla malori hayajaanza kujiendesha, na mpaka leo akisikia breki za upepo zikilia anatoka nje kuangalia kama kuna dereva anataka kuelekezwa. Hakuna. Anarudi ndani akitukana.

Seva za Ligi, ambamo magari yetu ya kompyuta yanakimbia, ziko nchi za baridi, mbali sana na sisi. Picha ikitoka kule mpaka ifike machoni mwangu, na mkono wangu ukijibu mpaka jibu lifike kule, imekwisha sehemu ya tano ya sekunde. Kwenye mambo ya kawaida si kitu. Kwenye duara la kilomita nne, ambako hakuna mtu anayegusa breki na magari arobaini na matatu yanapinda kushoto, kushoto, kushoto tu kwa kilomita mia tatu kwa saa, ni mita kumi na saba. Unaona mwanya ambao umeshafungwa. Kwa hiyo sisi tunaokaa mbali tunamvaa Mtabiri: bangili mbili za mikononi zinazosoma msuli unapoanza kukaza, kabla mkono haujasogea, na kuitanguliza amri kwenye seva. Timu thelathini zinamvaa, za Kenya pia. Mimi nimemvaa miaka miwili na nilimpenda, sitaki kudanganya.

Wiki mbili zilizopita, kwenye mazoezi rasmi, gari namba kumi na saba la timu ya Kitui lilinibana ukutani mara mbili, kwa ubishi tu, hatukuwa tunagombea chochote. Tulipokaribiana mara ya tatu, kona ya nne, nikasema moyoni: leo utanijua. Msuli ukakaza. Hapo hapo nikajiambia, Skola, acha upuuzi, nikalegeza. Mkono wangu haukugeuka hata nukta. Gari langu lilikuwa limeshageuka. Lilimgonga tairi la nyuma, akazunguka, akaenda ukutani uso kwa uso. Kanuni za Ligi zinataka usukani wa kila mtu uwe na nguvu kamili, ili watu wauogope ukuta kwa dhati. Usukani wake ulizunguka na mkono wake ukiwa ndani. Nilisikia mfupa ukilia kupitia spika, halafu nikasikia mtu mzima akilia, na mpaka leo nikikaa kimya naisikia ile sauti.

Anaitwa Mulei.

*

"Miaka miwili, Skola," alisema Ignas.

Ignas Kilasi ndiye dereva mwenzangu. Mbio za Saa Kumi na Mbili huchukua saa hizo zote, hazikimbiwi na mtu mmoja. Tunapokezana zamu za saa moja moja. Ndiye pia aliyeunganisha kila waya wa kabini hii, na siku ile alikuwa amelala chali chini ya kanyagio za gari akikaza nati ambayo ilikuwa imeshakazwa. Akitaka kugomba hujitafutia nati.

"Tumefanya hesabu ya matairi ya kulia mpaka tunaota matairi ya kulia," aliendelea. "Tumejifunza kujificha nyuma ya gari la mbele likukatie upepo, tukaokoa mafuta ya mizunguko minne kwa kila tangi. Shingo yangu imelala upande wa kushoto, mke wangu ananicheka. Yote hayo unataka yaende kwa ajili ya neno moja."

"Neno lenyewe la uongo."

"Nusu uongo!" Alitoka chini ya kanyagio, mafuta puani. "Wewe mwenyewe unasema ulitaka. Umesema mbele ya mkaguzi. Sasa tofauti ya kutaka na kukusudia ni nini, na mtu ameshavunjika mkono?"

Hapo alinipata. Nilitoka nje nikasimama uani kwenye baridi, nikalifikiria. Ningeweza kusema ni mashine, nikanawa mikono, na watu wengi wangeniamini. Lakini ile hasira haikuwa ya mashine. Mtabiri hakuitunga, aliikuta. Alichofanya ni kuichukua na kuondoka nayo kabla mimi mwenyewe sijasema neno la mwisho. Kila mtu aliye hai ameshawahi kutaka kumzaba mwenzake kibao, na mkono ukabaki ulipo. Kama huko kubaki hakuhesabiki, basi sote ni wahalifu tangu utotoni. Na kama ninasaini kwamba hakuhesabiki, nimesaini kwa niaba ya timu zote thelathini, kesho Bi Nasra ataionyesha sahihi yangu kwa mwingine.

Ila kulikuwa na mtu mmoja ambaye alikuwa na haki ya kusikia hayo kabla ya Ligi, na nilikuwa sijampigia. Niliona aibu. Nikampigia.

Alipokea akiwa kwenye duka lake la kinyozi, Kitui mjini. Nyuma yake kijana mwingine alikuwa akimnyoa mteja, mashine inavuma. Mulei mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mkono wa kulia umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Mimi ni Skolastika. Wa gari sitini na moja."

"Najua wewe ni nani."

"Pole sana kwa mkono."

"Nishapoa." Hakuwa amepoa. "Watu wa Ligi waliniambia utaandika kwamba ulikusudia. Umeandika?"

"Sijaandika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu haikuwa hivyo."

"Nisikize, dada. Mimi sitaki hadithi. Nijibu kama mtu mzima. Ulitaka kunigonga ama hukutaka?"

Mashine ya kunyolea ilizimika. Yule kijana na mteja wake walikuwa wananisikiliza pia, na sikujali.

"Nilitaka," nikasema. "Ulinibana mara mbili na nikakasirika. Nilitaka, halafu nikaacha. Mtabiri alichukua ile ya kwanza, ya pili akaiacha. Sisemi ni kosa la mashine peke yake. Nasema ilivyokuwa, na nakwambia wewe kwanza kwa sababu wewe ndiye uliyeumia."

Mulei ana uso mpana, ndevu zimechongwa vizuri, macho yamechoka.

"Sasa mimi nifanye nini na hiyo 'halafu' yako?" akauliza. "Naeza nyolea nayo?"

"Huwezi."

"Mtu anaeza sema kitu chochote akishaharibu. Mimi hiyo 'halafu' sikuiona. Nilichoona ni ukuta."

Akakata, na safari hii mimi ndiye niliyebaki nikitazama kioo cheupe. Nililia kidogo, kisha nikajifuta na kumpigia Bi Nasra kabla sijaogopa.

"Kanuni ya kumi na mbili bado ipo?" nikamuuliza.

Alishangaa. Kanuni ya kumi na mbili inamruhusu mtu yeyote kukimbia bila Mtabiri, mikono mitupu, akikamilisha kwanza mizunguko mia bila kugusa kitu, na gari lingine likiwa ubavuni mwake muda wote. Iliwekwa kwa ajili ya wanaokaa karibu na seva. Kutoka mbali kama kwetu hakuna aliyewahi kuimaliza.

"Ipo," alisema. "Lakini nani atakubali kukaa ubavuni mwako? Timu zote zimesikia habari za Mulei."

"Tangaza tu. Asipopatikana, nitajua nilikosa kwa sababu ya watu, si ya mashine."

*

Ignas aliposikia alikaa sakafuni, hakutafuta nati.

"Mita kumi na saba, Skola. Kwenye kundi. Utakuwa unaendesha gari la jana."

"Ndiyo."

"Huo si msimamo, huko ni kujitia kitanzi."

Mjomba alikuwa mlangoni anamenya karanga. Kwa miaka miwili amekuwa akituona tukizunguka na kuuliza lini tutafika. "Kwani shida yenu nini?" akasema. "Gari linachelewa kusikia?"

"Linachelewa, Mjomba."

"Kiasi gani?"

Nikapiga vidole viwili haraka, pa-pa, kumwonyesha. Akacheka mpaka akapaliwa na karanga.

"Na tela la tani thelathini linasikia lini? Unalirudisha nyuma kwenye geti la ghala, dereva haoni kitu, akikata usukani sasa hivi tela linajibu kesho kutwa. Mimi ndiye macho yake. Nikingoja mpaka nione tela linakwenda vibaya, limeshabomoa ukuta wa mtu. Utingo anasema kabla."

"Unajuaje kabla?"

"Naangalia tairi, siangalii gari. Gari linadanganya. Tairi la mbele likishaanza kulala, mengine yote yanafuata."

Ignas alinyanyua kichwa. Niliona kitu kikimwingia. Bila kusema neno akaenda kuwasha skrini ya pili, ile ya kutazama duara lote kutoka juu, akavuta picha karibu mpaka matairi ya mbele ya kila gari yakaonekana. Akampa Mjomba kiti na kipaza sauti.

Mzunguko wa kwanza tukiwa na magari ya mazoezi niliuona muujiza. Mjomba hakuwa anatazama hata kidogo kile ninachotazama mimi. Alikuwa gari la nne mbele, la sita mbele, akisoma jinsi foleni inavyolala, na sauti yake ikanifikia kabla ya picha. "Njoo, njoo, njoo, punguza mwendo, njoo, kuna mtu anatoka, mwache atoke, njoo." Mkono wangu ulianza kumjibu yeye badala ya macho. Mzunguko wa tano akasema, kwa nguvu, "Kata kwako!"

Nikakata kushoto, nikaingia kwenye gari lililokuwa upande wa ndani, chini yangu kwenye mteremko wa duara, wote wawili tukaenda ukutani. Usukani ukanipiga kiganja.

"Nimekwambia kwako!" Mjomba akafoka.

"Nimekata kwangu!"

"Umekata kwangu! Kwako ni kule!" Akaonyesha kulia.

Tukabishana dakika kumi, kila mtu akimwona mwenzake mwehu, mpaka Ignas alipoanza kucheka. Watingo hawasemi kushoto na kulia. Kwenye malori yetu dereva anakaa kulia na utingo kushoto, kwa hiyo upande wa kulia ni "kwako" na wa kushoto ni "kwangu", miaka yote, kutoka bandarini mpaka mpakani. Ila magari ya duara yana usukani upande wa kushoto. Nikiwa ndani ya lile gari, kwangu ni kushoto. Mjomba alikuwa akinielekeza kwenye lori ambalo sikuwamo.

Nilimwomba aseme kushoto na kulia. Alijaribu. Alikuwa anachelewa, kila mara anasimama nusu pumzi kutafsiri, na nusu pumzi ndiyo tuliyokuwa tunaikimbia. Siku ya pili tulipiga ukuta mara kumi na moja. Siku ya tatu Ignas aliinyanyua ile skrini ya pili, akaiingiza ndani ya kabini, akaifunga kwenye dashibodi upande wa kushoto, mbele ya kiti cha utingo ambacho kilikuwa bado kipo, kimejaa waya na makopo.

"Mjomba, panda," akasema.

Mjomba akapanda. Akavuta mlango, akauweka mkono wake dirishani pale alipouweka miaka ishirini na sita. Sasa hakukuwa na haja ya mimi kujua gari lile limetengenezwa wapi. Kwangu ni nilipokaa mimi, kwake ni alipokaa yeye, na katikati yetu kulikuwa na gia ya lori ambayo haikuunganishwa na chochote. Tulikimbia mizunguko sitini bila kugusa. Sikuwa nimefurahi hivyo tangu mwaka uanze.

Jioni ile ujumbe wa Bi Nasra ukaingia. Timu moja ilikuwa imekubali kukaa ubavuni mwangu. Gari namba kumi na saba.

*

Mtihani ulikuwa Jumatano, saa tisa alasiri. Gari la Kitui aliliendesha mmoja wa madereva wenzake Mulei, msichana anayeitwa Kawira, sauti yake nyembamba, haina maneno mengi. Mulei alikuwa kwenye mawasiliano naye, nilimsikia akikohoa. Hakunisalimia. Bi Nasra alifungua rekodi, akataja tarehe, akasema, "Bangili zivuliwe."

Nilizivua nikaziweka kwenye dashibodi. Mikono ilijisikia baridi, myepesi, na nilijua kwamba kila kitakachotokea kuanzia hapo hakuna wa kunisaidia kukibeba.

Mizunguko thelathini ya kwanza ilikuwa mizuri. Kawira alikaa ubavuni, upande wa ndani, mlango kwa mlango, mimi nikiwa upande wa ukuta. Mjomba alikuwa anaongea bila kupumzika, sauti ya chini, ya mtu anayemtuliza ng'ombe. "Njoo, njoo, weka, weka, kwako kidogo, hapo, kaa." Ignas alisimama kwenye ngazi ya kabini akisoma joto la tairi la mbele la kulia, ambalo kwenye duara ndilo linalokufa kwanza. Mzunguko wa hamsini akaninywesha maji kwa mrija. Wa sabini mgongo ulianza kuwaka. Wa themanini na tano nilikuwa nimeacha kuhesabu, nilikuwa nasikiliza tu.

Mzunguko wa tisini na tatu, kona ya nne, Mjomba alisita. Hajawahi kusita.

"Tairi lake linalala," akasema. "Linalala kwako. Skola, huyu anakuja!"

Kawira alipanda. Haikuwa kuteleza. Alikuja taratibu, makusudi, akiniminya juu kwenye ukuta mahali pale pale, kona ile ile. Nikaelewa mara moja: Mulei amekubali mtihani ili anilipize, mizunguko saba kabla ya mwisho. Damu ilinipanda kichwani. Baada ya yote niliyomwambia, baada ya kujianika mbele ya wateja wake! Nilikuwa na pua ya gari langu usawa wa tairi lake la nyuma. Kugusa kidogo tu, kushoto, na asingekuwa na cha kusema, angekuwa amejitakia. Mkono ukaanza kwenda. Niliuona ukienda, kwa macho yangu, usukani ukiinama.

Nikaurudisha.

Hakuna aliyenisaidia. Mjomba alikuwa anapiga kelele, "Shika! Shika! Punguza!" lakini mkono ulikuwa umesharudi kabla hajamaliza neno la kwanza. Nikaachia mafuta. Gari likayumba, ukuta ukapita kwenye kioo cha pembeni karibu kiasi cha kuingia kiganja cha mtu, Kawira akatangulia, na mimi nikabaki nyuma yake mzima, moyo unapiga hodi kwenye meno. Kisha yeye akapunguza, akarudi ubavuni kwangu, akakaa pale kwa adabu mpaka mzunguko wa mia.

Nilizima injini. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Mulei, maneno ambayo mama yangu asingependa kuyasikia, na nikafungua mdomo.

"Ni mimi nilimwambia Kawira akubane," alisema Mulei kabla sijaanza.

"Najua ni wewe!"

"Nilitaka kuona kama utanigonga."

"Umeona?"

"Nimeona mkono ukienda. Nimeona ukirudi." Akakohoa. "Sasa acha nikwambie kitu, na mkaguzi asikie pia. Siku ile, mara ya kwanza kukubana ilikuwa mimi, kichwa ngumu tu. Mara ya pili nilikuwa nishaamua kukuachia njia. Nilikuwa nishalegeza. Gari likaenda juu bado. Nilidhani ni uzee, nikanyamaza. Nimekuwa nikinyamaza tangu hiyo siku, kwa sababu nani atasema mbele ya watu kwamba mkono wake haumsikii?"

Ignas alishuka ngazi akakaa chini kabisa, kwenye majani.

"Mizunguko mia, hakuna mguso," alisoma Bi Nasra, sauti ya kikazi. "Mzunguko wa tisini na tatu, usukani umegeuka nyuzi mbili kushoto ukarudi. Hiyo niiandikeje?"

"Andika nilighairi."

"Skolastika, hakuna mahali pa kuandika hivyo."

"Andika pembeni. Karatasi zenu zina pembeni, hazina?"

Nilimsikia akiandika, nilisikia kalamu. Halafu akasema, polepole, kama mtu anayesoma hukumu ambayo hakuitunga yeye, kwamba ruhusa ya kukimbia mikono mitupu tumeipata, lakini shauri la Mulei bado liko wazi kwa sababu fomu haijaguswa. Timu yenye shauri wazi inaanza ya mwisho, na matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wa Ligi. Tukishinda, hatujashinda. Fomu bado ilikuwa pale, alisema. Kidole tu.

Nilimgeukia Ignas. Miaka miwili ilikuwa yake pia, sikuwa na haki ya kujibu peke yangu. Alikuwa anang'oa majani moja moja.

"Mwambie tutaanza wa mwisho," alisema Ignas. "Na mwambie aache kutuma hiyo fomu, inajaza kumbukumbu ya mashine yangu."

*

Jumamosi, saa mbili kasorobo asubuhi. Ukungu ulikuwa umefunika uwanja wa nyumba mpaka malori ya barabarani yalisikika tu bila kuonekana. Ndani ya kabini Mjomba alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, mkono dirishani. Ignas alikuwa amebandika karatasi ya zamu: mimi ya kwanza, yeye ya pili, hivyo hivyo mpaka saa mbili usiku. Mbele yangu kulikuwa na magari arobaini na mawili, safu mbili ndefu zikitambaa nyuma ya gari la kuongoza, na yote niliyaona kwa kuchelewa, sehemu ya tano ya sekunde iliyopita. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa sana, na sikuwa tayari kubadilishana na mtu yeyote aliyekuwa mbele yangu.

Asubuhi ile nilikuwa nimetuma maelezo yangu kwa timu zote, sentensi sita, mimi mwenyewe, bila kisanduku. Nilisema nilitaka nini, nikaacha nini, na kilichofanyika ni kipi. Nilisema wanaomvaa Mtabiri wajiulize ni mara ngapi gari limefanya kitu ambacho wao walikuwa wameshakiacha. Wawili waliniita mwoga, mmoja akaniita muuaji wa michezo. Wengine walisoma wakanyamaza, alama ilionyesha wamesoma.

Kwenye orodha ya washiriki, pembeni ya kila namba ya timu za mbali, kuna nukta ya kijani: Mtabiri yuko kazini. Ishirini na tisa zilikuwa zinawaka. Ya kwetu ilikuwa kiduara kitupu, chini kabisa.

"Dakika mbili," ilisema sauti ya Bi Nasra kwa timu zote. "Magari yakae kwenye safu." Kisha akashusha sauti. "Gari kumi na saba, naona Mtabiri wenu amezimika. Mnajua?"

Nilitafuta namba kumi na saba kwenye orodha. Ilikuwa nafasi ya tisa, mahali pazuri sana pa kuanzia, na nukta yake ilikuwa imezimika.

"Tunajua," alijibu Kawira. Hapo nikajua: mizunguko mia ya Jumatano naye aliikimbia mikono mitupu, ubavuni mwangu, bila sisi kuambiwa.

"Ni hitilafu? Naweza kusimamisha mwanzo mrekebishe."

Pakawa na kikohozi ninachokijua.

"Si hitilafu, madam," alisema Mulei. "Tumemzima. Washa taa watu waende."